Fundi wa Ngozi Aliyerudi Kutoka Theluji: Maisha ya Gustave Cirhuza Namegabe (1966–2025)

Ndugu, majirani wa Bellevue, waumini wenzetu, na ninyi mliosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza: huyu tunayemlaza leo alikwisha kuliliwa mara moja akiwa hai. Wengine wenu mlikuwepo. Familia inaomba mtuvumilie tuwasimulie maisha yake yote, pamoja na yale ambayo yeye mwenyewe aliyanyamazia kwa miaka mingi, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Mzee Gustave Cirhuza Namegabe alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 huko Kabare, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Déogratias Namegabe na marehemu mama Nsimire. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe, ndiyo maana hakulia alipotoka. Alikuwa anasikiliza.

Alisoma shule ya msingi ya parokia ya Kabare kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akasifiwa kwa mwandiko na kukaripiwa kwa hesabu. Akaendelea na sekondari mjini Bukavu, lakini mwaka 1982 baba yake alifariki, na masomo yakakatikia hapo. Baba yake mdogo, aliyekuwa fundi wa ngozi katika soko la Kadutu, ndiye aliyemchukua. Huko alifundishwa kuwamba ngoma, kushona mikanda, na juu ya yote kuparua mafuta na nyama kwenye ngozi mbichi, mpaka harufu yake ikamwingia mwilini na wasichana wa mtaa wakawa wanampisha njia. Alipolalamika, baba yake mdogo alimjibu: "Wewe parua. Hao hao watakuja kukuomba viatu."

Vita vilipofika Bukavu, Oktoba 1996, aliondoka kwa miguu mpaka Uvira, akavuka ziwa hadi Kigoma, na baada ya miezi ya kuhangaika Tanzania, Malawi na Msumbiji aliingia Johannesburg Julai 1997. Asubuhi yake ya kwanza, Joubert Park, aliona nyasi za bustani zimekuwa nyeupe. Akamwuliza mwenzake wa chumba, Mzanzibari aitwaye Vuai Makame, nani amemwaga chumvi yote ile. Vuai, ambaye alimtangulia kwa mwaka mmoja tu, akamjibu kwa uso mkavu: "Manispaa. Hawa wana pesa ya kuchezea." Mzee Gustave aliamini habari hiyo mpaka Jumapili, alipoieleza kanisani na watu wakashindwa kuendelea na maombi kwa kicheko: ulikuwa umande ulioganda tu. Ndivyo urafiki wake na Vuai ulivyoanza, na haukukatika hadi kifo.

Alipata kona ndogo katika karakana moja ya Newtown, na muda si mrefu watu wakaanza kumtafuta. Alishona vizibao na kofia za ngozi ya kondoo, na alitengeneza ngozi za mbweha kwa ajili ya wanaovaa ngozi katika arusi na sherehe za kimila. Lakini ngozi nzuri ina masharti yake. Mnyama huotesha manyoya mazito wakati wa baridi. Ngozi ya majira ya joto hupukutika mkononi. Kwa hiyo anayetaka iliyo bora hana budi kuifuata majira yale yale ambayo mwenye akili hukaa ndani. Kuanzia mwaka 1998, kila ifikapo Juni, Mzee Gustave alipanda milima ya Lesotho, juu kabisa ya Mokhotlong, kwa wachungaji wanaofuga kondoo na mbuzi wa manyoya marefu na kuwaua mbweha wanaovamia mazizi yao.

Wengi wenu mlimjua akiwa ameketi kwenye cherehani, miwani puani, redio pembeni. Safari ile hamkuijua. Gari lilimfikisha pale barabara inapoishia, na kutoka hapo ni miguu na punda. Alilala katika vibanda vya mawe vya wachungaji, visivyo na dirisha. Kule juu hakuna mti, kwa hiyo moto wao ni wa samadi kavu, moto wa moshi mwingi na joto la kubahatisha: uso ukipata joto, mgongo unaganda. Viatu vilivyolowa alivilaza kifuani chini ya koti, maana vikiachwa sakafuni asubuhi vilikuwa vigumu kama matofali. Mkate ulipasuliwa kwa shoka. Ngozi mbichi ziliganda zikawa mbao, na punda akiteleza ziligongana kwa kishindo cha milango inayofungwa kwa hasira. Jua likitoka juu ya theluji, mng'ao wake ulichoma macho, nao wachungaji wakamfundisha kupaka masizi chini ya kope. Hata kwenda haja kulitaka ujasiri. Na njia ile ilikuwa na sheria yake, ambayo kila mpanda mlima aliijua bila kuambiwa: mtu hamwachi mwenzake.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa takatifu na Jeannine Nabintu, mzaliwa wa Uvira, msusi hapa Bellevue. Bwana arusi alisisitiza kuvaa kizibao cha ngozi ya kondoo alichokishona mwenyewe, katikati ya joto la Desemba. Jasho lilimtiririka hata mchungaji akasimamisha ibada na kumwuliza kwa upole kama anaogopa. "Siogopi ndoa, Mchungaji," akasema. "Naogopa kuzimia mbele ya wakwe." Mungu aliwajalia watoto watatu: Benita, Chris na Murielle.

Mwaka 2001 alifika mdogo wake Mama Jeannine, Cédric Bisimwa, akiwa kijana asiye na kazi wala mahali pa kulala. Mzee Gustave alimpa vyote viwili. Alimpa kitanda sebuleni na meza karakanani, akamfundisha kisu cha kuparulia kinashikwaje na mbweha wa Juni anatofautianaje na wa Oktoba. Cédric alikuwa mwepesi wa lugha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaongea Kizulu cha mtaani na Kiingereza cha dukani, na wateja walimpenda. Alimwita shemeji yake "yaya", yaani kaka mkubwa. Mwaka uliofuata wakaanza kupanda milima pamoja.

Julai 2004 walikuwa wanashuka na punda wawili waliosheheni. Mzee Gustave alikanyaga jiwe lililofunikwa na barafu, kifundo cha mguu kikapinda. Wakajikokota mpaka kwenye kibanda kimoja kitupu. Mawingu yalikuwa yameinama hadi kugusa mgongo wa mlima. Cédric alisimama mlangoni akitazama nje.

"Yaya, kijiji hakiko mbali. Nashuka, naleta watu wa kukubeba."

"Sawa. Nenda na punda mmoja. Huyu mwingine atanipa joto humu ndani."

"Mmoja akibaki, mwingine hatatembea. Unawajua." Kisha akaongeza bila kumtazama: "Na koti lako, yaya. Langu limelowa. Wewe huku uko na ukuta."

Mzee Gustave alivua koti lake. Lilikuwa la ngozi ya kondoo, refu mpaka magotini, kazi bora kuliko zote alizowahi kushona. Akamvalisha shemeji yake kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga hata vifungo, kwa sababu vidole vya Cédric vilikuwa vinatetemeka. Miaka mingi baadaye alisema kwamba katika mambo yote ya siku ile, hilo la vifungo ndilo lililomuuma zaidi.

Cédric akashuka na punda wote wawili. Theluji ikaanza. Alingoja watu. Samadi ilipokwisha alivuta nyasi za paa moja moja akazichoma, na kila shimo alilolifungua kwa ajili ya moto likaingiza theluji. Alisikiliza mlangoni mpaka masikio yakamdanganya. Mara kwa mara alidhani anasikia punda. Alimwombea Cédric asipotee njia. Ndiyo, alimwombea. Hakumfikiria vibaya hata kidogo, kwa sababu katika akili yake kulikuwa na mambo mawili tu yanayoweza kumzuia mtu asirudi: mauti au kuvunjika mguu.

Aliyeuona ule moshi alikuwa mchungaji aitwaye Ntate Mohlouoa, yaani Mzee Mohlouoa, aliyekuwa akitafuta kondoo waliotawanyika. Alimfunga Mzee Gustave juu ya farasi wake kwa blanketi na kamba, akamshusha nyumbani kwake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa, na zahanati ya huko chini iliviondoa. Alilala wiki kadhaa katika nyumba ya Mohlouoa, mahali pasipo na simu, akilishwa kama mtoto na watu ambao hawakujua hata jina lake la ukoo.

Huku Johannesburg, Cédric alifika peke yake akilia. Alisema yaya ameteleza na kuanguka katika korongo. Matanga yakawekwa. Mama Jeannine, mwenye mtoto mchanga, Murielle, mgongoni, alinyolewa nywele. Vuai alikuja kukaa matanga kama wengine, lakini alikuwa na swali.

"Maiti iko wapi?"

"Korongo ni refu, kaka. Haifikiki."

Baada ya siku chache aliuliza tena, na safari hii korongo lilikuwa limegeuka mto. Vuai alimwachia mkewe Ummi biashara, akapanda gari hadi mpakani, na kutoka hapo akauliza kibanda kwa kibanda mpaka akampata rafiki yake anaota jua mbele ya nyumba ya Mohlouoa, mguu umefungwa vitambaa. "Wewe," Vuai akamwambia, "watu wanakula pilau lako kule, na wewe umekaa huku?" Kisha akaketi chini akalia.

Hapo ndipo Mzee Gustave alipojua. Mpaka Vuai alipomweleza, alikuwa bado anauliza wapita njia kama wamesikia habari za kijana wa Kikongo aliyepotea.

Walifika Bellevue siku ile ile ya kuondoa matanga. Uani kulikuwa na mikeka, sufuria, na picha yake iliyowashiwa mshumaa. Jirani mmoja alipiga yowe akakimbia, akanaswa na kamba ya kuanikia nguo. Mchungaji aliangusha Biblia. Mama Jeannine hakukimbia; alimwendea mumewe, akamshika uso kwa mikono miwili kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na akasema tu, "Umekonda."

Wakati watu wanacheza uani kwa furaha, Cédric alimfuata jikoni akapiga magoti.

"Niliogopa, yaya. Nilipofika chini nilijiambia, huyu amekwisha kufa, nikirudi tutakufa wawili. Halafu nikasema uongo, na uongo ukakua. Usimwambie dada. Atakufa kwa aibu."

Mzee Gustave alimtazama mkewe kupitia dirishani, jinsi alivyokuwa anacheza amemshika Benita mikono, kichwa kinang'aa kwa kunyolewa. "Bon," akasema. "Tulipotezana katika theluji. Basi."

Na hilo ndilo alilowaambia watu wote, tangu siku ile. Vuai pekee ndiye aliyekuwa anajua, naye alikasirika. "Unamfunika nyoka blanketi, Gustave. Ndugu ni kufaana, si kufanana." Mzee Gustave alimwapisha anyamaze, na Vuai akanyamaza. Mzee Gustave hakuwahi tena kupanda milima. Ngozi alizinunua kwa watu waliozileta Newtown, akatembea kwa kuchechemea, na watoto wake walipokuwa wadogo na kuuliza vidole vimekwenda wapi, aliwaambia panya wa Lesotho ni wakali.

Cédric alihamia upande wa Drakensberg. Akawa mwongoza watalii, na kwa ulimi wake mtamu akapanda haraka, hadi akawa mbia katika kambi ya mapumziko ya majira ya baridi. Kila Noeli alikuja na zawadi. Watoto walimpenda mjomba wao; Tonton Cédric, kama walivyomwita, alikuwa anajua kuchekesha. Aliagiza kofia za ngozi kwa ajili ya wageni wake, na Mzee Gustave alimshonea, msimu baada ya msimu, akitia bitana ya pamba kwa sababu, alisema, masikio ya wageni hayajazoea.

Julai 2023 watoto walitaka kumpeleka baba yao kwenye kambi hiyo, kama zawadi. Yeye alikataa. Mama Jeannine akamsihi: "Baba Benita, watoto wamejinyima. Na Cédric ametualika mara ngapi?" Akakubali kwa ajili yao.

Kusema kweli, mwanzoni alifurahi. Mahema yalikuwa na sakafu ya mbao na vitanda vya kweli. Kulikuwa na hita ya gesi, blanketi la umeme, na chupa ya mpira yenye maji ya moto iliyowekwa miguuni. Maji ya kuoga yalitoka ya moto hata theluji ikiwa mlangoni, na asubuhi mhudumu alileta kahawa na kuuliza kama anataka povu. "Mama Benita," akasema, "hii ni hema, au ni hoteli iliyovaa gauni?" Mchana wageni walipelekwa matembezi yaliyoitwa njia ya wafanyabiashara wa ngozi. Punda walikuwa wamebebeshwa magunia. Mzee Gustave alibonyeza gunia moja kwa kidole likabonyea. Ndani mlikuwa na sponji. Alicheka mpaka akakohoa. Nusu ya njia kulikuwa na meza, na juu yake supu. Alimwambia Chris kwamba laiti angekuta meza ile mwaka ule, angehamia pale pale na kuoa tena. Chris alimwomba asimulie zaidi, naye akaanza kumweleza habari za masizi na viatu vya kifuani. Chris amesema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba yake akiongea sana kiasi kile.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kifungua kinywa, wageni waliketi kwenye viti vya kulalia, magoti yamefunikwa shali, wasikilize hadithi. Msimulizi alikuwa Cédric. Alitoka akiwa amevaa koti la ngozi ya kondoo, refu mpaka magotini.

Mzee Gustave alilijua kabla hajaona uso wa aliyelivaa.

Cédric alisimulia kwa Kiingereza, vizuri sana. Alisimulia baridi, moshi wa samadi, mkate wa shoka, ngozi zinazogongana; yote yalikuwa kweli. Kisha akafika kwenye kibanda. Akasema shemeji yake aliumia, na yeye alivua koti hili hili akamfunika. Akasema alimbeba mgongoni katika theluji, akianguka na kuinuka, mpaka kijijini. "Na leo," akasema, akinyosha mkono, "yuko hapa pamoja nasi!"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anafuta machozi. Murielle alimkumbatia baba yake shingoni. Chris akamwinamia: "Eish, Papa. Kumbe Tonton alikubeba? Kwa nini hukutuambia?"

Mzee Gustave alisimama. Alisema kwa Kiswahili, si kwa sauti kubwa: "Cédric. Waambie hilo koti ni la nani."

Cédric alitabasamu, akamwendea, akamwekea mkono begani. Kisha akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgonjwa: "Baridi ile ilimwachia maisha, lakini ilichukua sehemu ya kumbukumbu zake. Tunampenda hivyo hivyo."

Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Na watoto wake mwenyewe, ambao hawakujua lolote, wakamtazama kwa huruma ile ile. "Sawa, Papa," Murielle akasema. "Keti. Kahawa yako inapoa."

Aliketi.

Hemani, hita ilikuwa inanguruma. Mama Jeannine alifunga zipu ya mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kingine. "Baba Benita, liache lipite," akasema. "Ni biashara yake tu, anapamba hadithi. Alishatubu zamani."

"Alitubu kwa nani?"

Mama aliinama akaanza kukunja shali.

"Jeannine. Alitubu kwa nani?"

"Kwangu. Mwaka ule nilipomzaa Murielle. Alikuja akalia, akanieleza yote. Koti, punda, yote. Ni mdogo wangu. Mama alinikabidhi yeye alipokuwa anakufa."

"Na mimi? Mimi nani alinikabidhi kwako?"

Kwa miaka yote ile alikuwa amekula chakula akilinda siri isimuue mkewe. Alikuwa ameivumilia kila Noeli, akamshonea kofia mtu yule, akawadanganya watoto wake kuhusu panya. Kumbe mkewe alikuwa anaijua, amekaa upande wa pili wa meza ile ile, akimtazama mumewe anavyohangaika kumficha asichofichwa. Na asubuhi hii, watu walipomwona kuwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, mkewe alikuwa ameketi kiti cha jirani, na alikuwa amepiga makofi.

Alimpigia Vuai simu. Vuai hakuuliza, aliendesha kutoka Johannesburg akafika alasiri. Mzee Gustave alimngoja barabarani, nje ya lango la kambi, amesimama katika theluji na begi lake. Garini Vuai aliwasha joto, akamwuliza kama anasikia baridi.

"Kule kibandani," Mzee Gustave akamwambia, "nilikuwa peke yangu, na nilijua niko peke yangu. Hapa nilikuwa na hita, na familia yangu yote, na sikujua."

Aliporudi alihamishia godoro lake karakanani. Watoto walimfuata mmoja mmoja, naye akamweleza kila mmoja habari nzima akiwa kwenye cherehani, bila kuinua macho. Chris alirudi kambini kudai koti. Cédric alimjibu kwamba koti ni mali ya kambi, na kwamba mambo ya wazee waachiwe wazee. Hadithi, tunasikia, bado inasimuliwa.

Machi 2024 kikohozi kilimzidi. Madaktari walikuta mapafu yamechoka kwa miaka ya vumbi la ngozi na moshi. Mama Jeannine alikwenda karakanani, akafunga godoro, akamrudisha nyumbani, naye hakukataa. Alimrudishia mkewe salamu kwanza, baadaye shukrani za chai, baadaye mazungumzo. Hakuwahi kusema amesamehe, wala mama hakuwahi kuuliza. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akakaa naye kila alipokosa pumzi. Jioni Vuai alikuja wakabishana kuhusu mpira. Katika siku zake nzuri mjukuu wake Chloé alimpandia kitandani, naye akamfundisha kuhesabu kwa Kishi, lugha ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeiweza vizuri.

Mzee Gustave Cirhuza Namegabe alifariki dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, hospitalini hapa Johannesburg, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Kabla ya hapo aliacha maagizo machache. Alitaka maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa. Tulipomwuliza Mama kama ana pingamizi, alisema: "Someni. Mimi nimenyamaza vya kutosha." Kuhusu mazishi, Mzee alisema Ntate Mohlouoa, aliyetangulia mbele ya haki, akumbukwe katika maombi. Na alisema hivi kuhusu shemeji yake: "Akija, mpeni kiti, mpeni chai. Ila jeneza langu asilishike. Yeye anasema alishanibeba." Walioteuliwa kumbeba ni Chris, Vuai na mwanawe Mahmoud, pamoja na mafundi wa Newtown.

Familia inawaomba radhi wote mlioshikwa na baridi katika siku hizi za matanga. Zililetwa hita na hema kubwa kutoka kambini, tukazirudisha. Tunawashukuru majirani waliotuletea majiko ya mbaula na makaa, na wale waliokesha nasi wakiwa wamejifunika mablanketi ya nyumbani kwao.

Marehemu ameacha mjane, Mama Jeannine Nabintu; watoto watatu, Benita, Chris na Murielle; mjukuu mmoja, Chloé; na ndugu asiye wa tumbo moja, Vuai Makame, na nyumba yake yote. Jina linalofuata tulimwuliza Mzee kama tuliandike, naye akasema tusilifute, kwa kuwa ni la ndugu ya mama yetu. Ameacha pia shemeji, Cédric Bisimwa, aliye hapa miongoni mwetu, ambaye yeye ndiye aliyemwacha kwanza.

Mungu ampokee mja wake Gustave, ampumzishe, na amani yake isiondoke kwake.